UCHANGANUZI: Sh28,000 zilinifikisha Kigali na kunirudisha, kwa viza ya Ulaya zingeishia kwenye fomu

UMEWAONA. Wako Diani, wako Kilifi, wako Lamu: vijana wa Kizungu wa miaka ishirini na kitu, begi kubwa mgongoni, kandambili miguuni, wanakula viazi karai kando ya barabara na kubishania nauli ya tuktuk kama wewe tu. Ukipiga nao stori watakuambia wametoka Ethiopia, wanaelekea Tanzania, kisha Malawi, na hawana haraka ya kurudi kwao. Wengi wao si matajiri. Mmoja niliyekutana naye Kilifi aliniambia aliuza kahawa kwenye mkahawa mwaka mzima, akaweka akiba, akafunga safari.

Sasa wewe, ambaye pia umeuza kitu mwaka mzima, mbona hujafika hata Jinja?

Jibu tulilozoea kusikia ni kwamba Wakenya hawapendi kusafiri, au wazazi wetu waoga, au hatuna pesa. Pesa ni shida, sikatai. Lakini nimeketi nikapiga hesabu, na hesabu yenyewe inaonyesha kwamba kinachomfungia kijana wa Kenya nyumbani si nauli, si chakula, wala si mahali pa kulala. Ni karatasi. Pale ambapo serikali zimelegeza mpaka, safari ni rahisi kuliko unavyodhani. Pale ambapo hazijalegeza, hata ujinyime namna gani, akiba yako itamezwa kabla hujapanda gari.

Tuanze na ile ndoto ya wengi, Ulaya. Viza ya Schengen, ambayo inafungua nchi 29 kwa mpigo, ilipanda bei Juni 2024 kutoka yuro 80 hadi yuro 90. Hizo ni zaidi ya Sh12,000. Elewa vizuri unacholipia hapo: hulipii viza, unalipia kusomewa fomu. Ukinyimwa, pesa hazirudi. Juu yake kuna ada ya kampuni inayopokea makaratasi, bima ya safari ya angalau yuro 30,000, taarifa za benki za miezi kadhaa, barua ya mwajiri na ushahidi wa mahali utakapolala. Ombi la viza ya kutembelea Marekani ni dola 185, karibu Sh24,000. La Uingereza lilipandishwa Aprili 2025 hadi pauni 127, zaidi ya Sh21,000. Huko kote hakuna cha kurudishiwa ukikataliwa.

Rafiki yangu mmoja kutoka Kisumu alijaribu Schengen. Ni fundi wa simu, amejiajiri, hana deni la mtu. Alitaka wiki tatu tu, alale kwenye hosteli za bei ya chini, apande mabasi, arudi. Alisafiri hadi Nairobi, akalala kwa binamu yake, akapeleka fomu, akarudi Kisumu, akangoja. Jibu lilikuja kwa karatasi yenye visanduku, kimoja kimetiwa alama: kuna shaka kuhusu nia yake ya kurudi kwao. Ukijumlisha ada, bima na nauli za kwenda na kurudi, alikuwa amemwaga karibu Sh30,000. Hakuna aliyemuuliza swali hata moja. Kujiajiri, kitu ambacho hapa nyumbani tunahimizwa kila siku tufanye, kule kilisomeka kama dalili kwamba hana cha kumrudisha.

Sasa geuza ukurasa. Yule kijana wa Kilifi, kwa utaratibu ulioanza Januari 2024, alijaza fomu kwenye simu akiwa kwao, akalipa dola 30, akapata kibali cha kuingia Kenya bila kukanyaga ubalozi wowote. Kama angetaka kuzunguka zaidi, kuna viza ya pamoja ya watalii ya dola 100 inayomruhusu kuingia na kutoka Kenya, Uganda na Rwanda kwa siku 90. Sina kinyongo naye. Aje, ale viazi, alipe. Ninachosema ni kwamba ukimwona ametembea nchi sita kwa akiba ya kuuza kahawa, usijilaumu kwamba wewe ni mwoga. Mlianza mbio moja, ila yeye alianzia katikati ya uwanja.

Haya. Tuje kwenye upande ambao una habari njema, kwa sababu upo.

Tangu mwaka wa 2014, Kenya, Uganda na Rwanda zilikubaliana raia wao wavuke mipaka kwa kitambulisho cha taifa. Kile kile ulichopigania kwa chifu na kukingoja miezi, ambacho unakitoa mfukoni ukisajili laini. Huhitaji pasipoti. Huhitaji viza. Nashangaa jinsi vijana wengi hawajui jambo hili zaidi ya miaka kumi baadaye. Nimewauliza wanafunzi wa vyuo, na wengine walidhani natania.

Mimi nilijaribu Agosti 2025. Siku kumi na moja, Nairobi hadi Kigali kupitia Kampala na kurudi, peke yangu, na jumla ya matumizi ilikuwa Sh28,000. Nauli za mabasi kwenda na kurudi zilichukua Sh11,000. Malazi ya usiku nane, wastani wa Sh1,200, Sh9,600. Usiku mwingine mbili nililala ndani ya basi, na hiyo ndiyo siri ya kwanza ya mtu mwenye pesa kidogo: safiri usiku, basi liwe ndilo lojing'i lako. Chakula Sh4,500. Zilizobaki, Sh2,900, ziliishia kwa bodaboda, maji na ujinga wangu.

Ujinga wenyewe ulikuwa Malaba, usiku wa manane. Basi linasimama, mnashuka kugonga mihuri, na wabadilishaji pesa wanakuzunguka na mabunda ya noti. Nilitoa Sh5,000. Nilitarajia takriban 138,000 za Uganda. Jamaa akahesabu mbele yangu haraka haraka, akanikabidhi, akapotelea gizani. Mama mmoja wa Mbale aliyeketi kando yangu ndani ya basi akaniuliza, “Kijana, hizo umezihesabu mwenyewe?” Nilipohesabu zilikuwa 102,000. Noti kadhaa zilikuwa zimekunjwa, zikahesabiwa mara mbili. Karibu Sh1,300 zikaenda hivyo. Mama yule akanipa ndizi na pole, kisha akanifundisha: badilisha pesa mchana, dukani, na mpakani badilisha za chai na bodaboda tu.

Kuna mambo madogo ya aina hiyo ambayo hakuna anayekuambia, na kwa msafiri wa bajeti finyu madogo ndiyo makubwa. Beba kadi ya manjano, ile ya chanjo ya homa ya manjano. Sindano ni moja na tangu 2016 kadi inakubalika maisha yote, kwa hivyo ichukulie kama uwekezaji. Usipokuwa nayo mpakani, unaingia kwenye mazungumzo ambayo huishia kukugharimu. Ukiingia Rwanda, usiwe na mifuko ya plastiki. Wao waliipiga marufuku tangu 2008, kabla yetu, na begi lako linaweza kufunguliwa. Saa ya Kigali iko nyuma ya yetu kwa saa moja, na magari yanapita upande wa kulia, kwa hivyo angalia vizuri kabla ya kuvuka barabara, usije ukagongwa ukiangalia Nairobi.

Na usipange kusafiri Jumamosi ya mwisho wa mwezi asubuhi. Hiyo ni siku ya umuganda, kazi ya jamii, na jiji lote husimama hadi karibu saa tano. Mimi niliamka nikitafuta chai, nikakuta barabara tupu, maduka yamefungwa, watu wameshika majembe. Nilikaa kwenye ngazi za hosteli na njaa yangu, nikiwatazama majirani wakifyeka nyasi. Kijana mmoja akanisalimia kwa Kiswahili, akanipa fyekeo, tukafyeka wote. Baadaye ndiye alinionyesha mahali pa kula maharage na wali kwa bei ya wenyeji.

Hicho Kiswahili ni pesa, ndugu yangu. Rwanda ilikifanya lugha rasmi mwaka wa 2017, na ingawa si kila mtu anakizungumza, sokoni na steji utampata anayekijua. Kampala ni vigumu kidogo, ila kwenye chakula hamtakosa kuelewana: ile chapo madondo yako wao huiita kikomando, na ndiyo iliyonilisha siku tatu mfululizo. Makumbusho ya mauaji ya kimbari pale Gisozi, Kigali, hayatozi kiingilio. Nenda, lakini usipange jambo lingine mchana huo. Mimi nilitoka nikakaa nje muda mrefu bila kutaka kuongea na mtu.

Sasa, kwa nini nalieleza hili kama suala la siasa na si ushauri wa likizo tu? Kwa sababu ile safari ya Sh28,000 haikutokana na ujanja wangu. Ilitokana na marais watatu walioketi chini wakaamua kwamba kitambulisho kinatosha. Na kilichoamuliwa hivyo kinaweza kufutwa hivyo hivyo. Mpaka wa Gatuna, ambao basi langu lilipitia, ulifungwa Februari 2019 Rwanda na Uganda zilipokosana, ukafunguliwa tena mwisho wa Januari 2022. Karibu miaka mitatu. Burundi nayo ilifunga mpaka wake na Rwanda Januari 2024. Goma, ambako wasafiri walikuwa wakivuka kutoka Rwanda kwenda kuona volkano ya Nyiragongo, ilitekwa na waasi wa M23 Januari 2025. Ndiyo maana mimi niliishia Kigali.

Ukitazama bara zima, hadithi ni ya ahadi. Julai 2016, Umoja wa Afrika ulizindua pasipoti ya Afrika kwa mbwembwe pale Kigali. Waliokabidhiwa za kwanza walikuwa Rais Paul Kagame na marehemu Idriss Déby wa Chad. Tuliambiwa zitawafikia wananchi. Wewe umewahi kuishika? Mwaka wa 2018 viongozi wakatia saini itifaki ya watu kusafiri huru barani. Ili ianze kufanya kazi inahitaji nchi 15 ziiidhinishe. Zilizojitokeza ni nne: Rwanda, Niger, Mali na São Tomé na Príncipe. Kenya haimo. Mei 2024, Aliko Dangote, tajiri nambari moja wa Afrika, alilalamika kwenye kongamano Kigali kwamba kwa pasipoti yake ya Nigeria anahitaji viza 35 ili kuzunguka bara hili. Kama mwenye ndege zake analia, wewe wa begi moja ulie vipi?

Na tusijifanye watakatifu. Oktoba 2023 Rais William Ruto aliahidi kwamba kufikia mwisho wa mwaka huo hakuna Mwafrika atakayehitaji viza kuja Kenya. Kilichofuata Januari 2024 kilikuwa ule utaratibu wa dola 30, na Waafrika wengine ambao hapo awali waliingia bure wakajikuta wanajaza fomu na kulipa. Viza iliondoka kwa jina, ada ikabaki. Malalamiko yalipozidi ndipo mwaka wa 2025 serikali ikaondoa hitaji hilo kwa karibu nchi zote za Afrika, isipokuwa Somalia na Libya. Nalitaja hili kwa sababu milango hii hufunguliwa na kufungwa kwa kulipizana. Mghana akisumbuliwa pale uwanja wa ndege wa JKIA, usishangae na wewe ukitazamwa vibaya Accra.

Mlango mmoja uliofunguka vizuri ni wa kusini. Tangu Januari 2023 Mkenya anaingia Afrika Kusini bila viza, hadi siku 90 kwa mwaka. Tanzania, Zambia na Zimbabwe pia hazikudai viza. Yaani ukiwa na pasipoti unaweza kutoka Nairobi hadi Cape Town kwa barabara bila kulipia ubalozi hata senti. Kuna pia reli ya TAZARA, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi New Kapiri Mposhi, Zambia, iliyojengwa kwa mkopo wa China miaka ya sabini. Ratiba yake huyumba, kwa hivyo uliza kabla ya kuitegemea. Kumbuka tu kwamba Namanga si Malaba: Tanzania haikubali kitambulisho pekee, inataka pasipoti au hati ya muda ya kusafiria. Wapo waliorudishwa hapo wakiwa wameshalipa hoteli Arusha.

Na kama unadhani safari ndefu ya peke yako ni ya Wazungu, muulize Ebaide Udoh, Mnigeria aliyetoka Mombasa hadi Lagos kwa pikipiki mwaka wa 2024, mwanamke peke yake.

Lakini hapa lazima nikuambie ukweli ambao kurasa za utalii hazikuambii. Kutohitaji viza si sawa na kukaribishwa. Mei 2025, Martha Karua na wenzake waliokwenda Dar es Salaam kufuatilia kesi ya Tundu Lissu walifukuzwa. Boniface Mwangi alikamatwa huko, akaja kuachwa karibu na mpaka siku kadhaa baadaye, akisema aliteswa. Oktoba mwaka huo wanaharakati wawili wa Kenya, Bob Njagi na Nicholas Oyoo, walitekwa Uganda baada ya kuhudhuria kampeni za Bobi Wine, na hawakuonekana kwa zaidi ya wiki tano. Mwisho wa mwezi huo huo Tanzania ilizima intaneti siku ya uchaguzi huku damu ikimwagika mitaani.

Wewe si mwanaharakati, utasema. Sawa. Lakini uko na simu, na kwenye simu kuna maoni yako ya Juni 2024, kuna bendera, kuna vichekesho kuhusu marais wa majirani. Majirani nao wanajua vijana wa Kenya ni akina nani. Sikuambii ufute unachoamini. Nakuambia angalia kalenda: nchi ikiwa na uchaguzi, subiri upite. Usipige picha za askari, madaraja wala mikutano. Na kila jioni mtumie mtu mmoja nyumbani ujumbe mfupi wa mahali ulipo, jina la lojing'i na basi la kesho. Mimi nilimtumia dada yangu. Siku moja nilisahau, akanipigia mara kumi na mbili.

Kwa wasichana, mzigo ni mkubwa zaidi, na sitaki kujifanya naujua wote. Wenzangu waliosafiri wananiambia jambo ambalo linapinda hesabu yangu yote: wao hawawezi kuokoa pesa pale ninapookoa mimi. Basi linalofika saa tisa usiku ni nafuu kwangu, kwao ni hatari. Chumba cha bei ya chini kabisa chenye kufuli bovu, mimi nitaegemeza kiti mlangoni. Wao watalipa Sh800 zaidi kwingine, na wako sahihi. Kwa hivyo ukiwa msichana, zile Sh28,000 zisome kama Sh35,000 au zaidi.

Kuna kundi la mwisho ambalo bei yake ni sifuri, na hilo ndilo linalonitisha. Tiketi ya bure. Vijana wetu wanaotamani kuona dunia wamekuwa wakipewa ndege hadi Thailand kwa ahadi ya kazi ya kompyuta, kisha wanavushwa mpaka hadi Myanmar na kufungiwa kwenye majengo ya matapeli wa mtandaoni. Makumi ya Wakenya waliokolewa huko mapema 2025, na hawakuwa wa kwanza. Wengi wao ni watu kama wewe: wamesoma, wana pasipoti, wamenyimwa njia ya kawaida ya kusafiri, halafu mtu akawaletea njia ya mkato. Mtu usiyemjua akikulipia tiketi, kisha akataka kukushikia pasipoti yako, wewe ndiwe mzigo unaosafirishwa.

Ndiyo maana nasema anza na hii ya kwetu, unayoweza kuilipia mwenyewe na kurudi mwenyewe ukichoka. Mabasi ya Kampala huondoka Nairobi jioni na kufika asubuhi. Beba kitambulisho, nakala yake kwenye soksi, kadi ya manjano, shuka nyepesi na noti ndogo ndogo. Omba kiti cha dirishani upande wa kushoto. Kukipambazuka karibu na Jinja utaona Nile ikitoka ziwani, kama hujalala.